Matone Sita ya Mafuta ya Cherehani

Kabla hujanicheka, ujue kwamba baiskeli naijua. Nimekulia Tabora, na likizo zangu za darasa la tano na la sita niliziishi chini ya mwembe wa fundi mmoja mzee, nikimshikia spana huku yeye akifanya ovaholi za Phoenix. Mpaka leo naweza kufungua gurudumu, nikamwaga gololi kwenye kopo la mafuta ya taa, nikapaka grisi na kuzirudisha zote pasipo moja kubaki kiganjani. Kwa hiyo shemeji yangu, anayeishi Augsburg, aliponialika tuvuke Alpi kwa baiskeli, nilimuuliza jambo moja tu: spana nani anabeba? Nikabeba mimi. Na ndani ya mfuko wa spana nikatumbukiza kichupa cha mafuta ya cherehani, ambacho mama watoto alishanikataza kukigusa.

Njia yenyewe inaitwa Via Claudia Augusta. Drusus, mtoto wa kambo wa Kaisari Augusto, aliifungua mwaka 15 KK majeshi yake yalipokuwa yanavuka milima. Mwanawe, Kaisari Klaudio, akaja kuikamilisha mwaka 46–47 BK. Nguzo ya maili iliyopatikana Rabland, karibu na Meran, Italia, inasema kutoka mto Po hadi mto Danube ni maili 350 za Kirumi, kama kilomita 518. Sisi tulipanga kipande cha kati: Füssen ya Ujerumani, tukate Austria, tuguse Uswisi, tushuke Italia mpaka Verona. Siku saba. Mimi kilo 92, baiskeli kilo 15, mizigo kilo 13 kwenye mikoba miwili ya keria. Jumla kilo 120, na hesabu hii iweke akilini.

Siku ya kwanza ilikuwa starehe. Siku ya pili ndiyo iliyoleta balaa, ingawa balaa lenyewe halikujionyesha. Kutoka Lermoos unapita ukingoni mwa kinamasi ambacho Warumi walikilazia magogo ili mikokoteni isizame, kisha unapanda kipito cha mlima cha Fernpass, mita 1,200 na ushee juu ya usawa wa bahari. Barabara ya lami pale ni ya magari, tena yamebanana. Mwendesha baiskeli anapita msituni, njia ya kokoto na mizizi. Yapo mabasi yanayovusha watu pamoja na baiskeli zao. Tulipoyaona tuliangaliana, tukacheka kwa dharau. Mvua ikaanza nusu saa baadaye.

Sasa, mvua ikichanganyika na vumbi la chokaa hutengeneza uji wa kijivu, na uji huo unakwenda moja kwa moja kwenye diski za breki. Hizi baiskeli za siku hizi hazina vile vyuma virefu vya Phoenix vinavyovuta mpira kwenye rimu. Zina diski ya chuma katikati ya gurudumu, na kalipa yenye pedi mbili zinazoibana, zikisukumwa na mafuta yaliyomo ndani ya mpira mwembamba kutoka kwenye mkono wa breki. Uji ukiingia kati ya pedi na diski, breki zinalia. Hazilii kidogo. Kuanzia Nassereith hadi Landeck zangu zililia kama mbuzi anayepelekwa buchani, na kila kijiji tulichopita watu walitoka madirishani.

Dawa yake ni rahisi. Mwagia diski maji safi, futa kwa kitambaa kisicho na mafuta, kisha funga breki kwa nguvu mara kumi hivi ukiwa kwenye mwendo. Zikiendelea kulia, huenda kalipa imekaa upande: legeza bolti zake mbili kwa alenki namba 5, bana mkono wa breki na uushikilie, kaza bolti, achia. Dakika nne. Haya yote nimeyajua baadaye.

Siku ya tatu tulifuata mto Inn mpaka Martina, Uswisi, ambako ukisahau kuzima intaneti ya simu unatozwa kama umeoa upya, maana Uswisi haimo kwenye mpango wa Umoja wa Ulaya wa mawasiliano. Kutoka pale, mita 1,035, unapanda Norbertshöhe kwa kona 11 hadi mita 1,405. Kona zimewekewa namba. Ufundi wake ni gia ndogo kabisa tangu kona ya kwanza, usisubiri mpaka mguu ukatae, na maji kidogo kidogo. Shemeji alipanda akiimba. Mimi nilihesabu kona, na nilipofika ya tano niliapa kwamba nimeshaihesabu mara mbili.

Asubuhi ya siku ya nne viatu vyangu vilikuwa bado vimelowa, nikavifunga juu ya keria nikavaa ndala. Tukavuka Reschenpass, mita 1,507, tukaingia Italia bila mtu kutuuliza lolote, tukafika kwenye ule mnara maarufu wa kanisa uliosimama katikati ya ziwa. Kijiji cha Graun kilizamishwa mwaka 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme. Mnara wa karne ya 14 wakauacha. Watu walikuwa wametulia, wanapiga picha. Mimi nikafika, nikafunga breki.

Kilio kilichotoka pale kiliamsha watoto wawili kwenye vigari vyao.

Nikaona aibu. Shemeji alipokwenda kutafuta pembe nzuri ya picha, nikatoa kichupa. Matone matatu diski ya mbele, matatu ya nyuma, zisioneane wivu. Nikainua gurudumu nikalizungusha, mafuta yaenee vizuri pande zote. Nikabana breki kujaribu: kimya. Kimya kabisa! Nilijisikia kama daktari aliyemaliza upasuaji.

“Shemeji,” nikamwambia aliporudi, “mbuzi nimemchinja.”

“Hongera, shem.” Hakuuliza nimemchinja vipi.

Kando ya ziwa njia ni tambarare, unateleza tu na upepo. Breki sikuihitaji hata mara moja. Tukapita St. Valentin, tukapita ziwa dogo la Haidersee, na hapo ardhi ikainama. Kutoka St. Valentin hadi Glurns unashuka zaidi ya mita 550. Zile kilo 120 nilizokuambia uziweke akilini, kwa kila mita 100 za kushuka wima zinazalisha joto la kutosha kuchemsha chai vikombe viwili, toa kiasi kinachochukuliwa na upepo. Ndiyo maana wajuzi hawang'ang'anii breki njia nzima. Wanabana kwa nguvu kabla ya kona, wanaachia, diski inapoa, wanabana tena.

Mimi nilibana kabla ya kona ya kwanza. Mkono wa breki ulikuwa mgumu, safi, kama kawaida yake. Baiskeli haikuwa na habari.

Hapa kuna jambo la kujifunza kutofautisha, maana linaokoa muda wa kupiga kelele. Mkono ukiingia wote mpaka ukagusa usukani, kuna hewa kwenye mafuta ya breki, au yamechemka. Pampu haraka haraka, huenda ukapata kitu. Mkono ukiwa mgumu lakini mwendo haupungui, pedi zimelowa mafuta, na ubane mpaka vidole vitoke damu, unabana sabuni. Kidude cha mwendo kilisema 31. Kikasema 38. Nilipompita shemeji kilisema 44.

“Shem, taratibu!” akaniambia.

Nilitaka kumjibu kwa adabu, nafasi haikuwepo.

Utoto ukanirudia. Tabora, Phoenix isiyo na breki unaisimamisha kwa ndala: unashusha miguu, unaisugua chini. Nikashusha. Ndala ya kushoto iliondoka palepale, na nadhani bado iko kwenye bonde lile la Vinschgau. Ya kulia ilivumilia mita kama thelathini, ikatoa moshi, ikabaki kamba na heshima. Mbele kulikuwa na kona, na baada ya kona paa za Burgeis. Kabla ya kona, mkono wa kushoto, kijia cha nyasi kilikuwa kinapanda kuelekea zizini. Nikakata usukani kuingia humo. Mlima ndiyo breki isiyoharibika: nyasi ndefu na mwinuko vikanila mwendo mpaka nikawa natembea tu, taratibu, nacheka mwenyewe, nikaegemea uzio nipumue.

Uzio wa ng'ombe kule una umeme.

Haukuui. Ni volti nyingi lakini kwa kipande kidogo sana cha sekunde, kisha unapumzika, kisha unarudia, kama mara moja kila sekunde. Shida ni kwamba ule utepe mweupe ulikuwa umeshanaswa kati ya usukani na mkoba wangu wa kifuani, na mimi nilikuwa pekupeku kwenye nyasi zenye umande. Tap. Nikajitoa. Baiskeli ikanivuta. Tap. Nikasogea kulia. Tap. Ng'ombe saba wakaja kwa mstari, wakasimama kunitazama. Wao wanaujua ule uzio tangu utotoni.

Shemeji akafika mbio, akatupa baiskeli, akanikamata mkono anivute. Tap. Tukapiga kelele pamoja, sauti ya kwanza na ya pili.

“Usinishike, shemeji!”

“Sasa nikusaidieje?”

Kwenye uzio wa aina hiyo tafuta geti. Si geti la mbao, ni kipande cha utepe wenye mpini wa plastiki na ndoano. Shika plastiki tu, uchomoe, na sehemu inayolishwa kupitia pale inakosa umeme. Shemeji aliuona hatua sita kutoka nilipokuwa, akauchomoa, kwa bahati ukawa ndio unaonilisha. Kukawa kimya. Juu ya nguzo, usawa wa macho yangu, palikuwa na kibao cha manjano chenye onyo kwa Kijerumani na kwa Kiitaliano.

Alirudisha ndoano mahali pake, maana ng'ombe saba walishaanza kufikiria. Kisha akachuchumaa, akagusa diski yangu, akatazama kidole chake kinachong'aa.

“Shem. Hiki ni nini?”

“Mafuta ya cherehani. Fundi wetu Tabora breki ikilia alikuwa anapaka.”

“Alikuwa anapaka kwenye rimu?”

Nikafikiri. Nikamwona mzee chini ya mwembe, kopo lake mkononi, akitia tone moja kwenye viungo vya vile vyuma, pale vinapokutana na usukani. Rimu alikuwa anaifuta kwa kitambaa kikavu. Tena alikuwa ananipa mimi niifute.

“Kwenye viungo,” nikasema.

Shemeji hakunisema. Na hii ndiyo shida ya kusafiri na shemeji: rafiki angekutukana mkaendelea, shemeji anakuheshimu kilomita tano nzima.

Kilomita hizo mpaka Mals tulikokota. Ukidhani kukokota ni rahisi, jaribu kuizuia baiskeli yenye mizigo inayotaka kushuka, umevaa viatu vilivyolowa. Penye mteremko mkali ilitukimbiza. Hapo shemeji akakumbuka Warumi. Mikokoteni yao ilishuka hukuhuku, nao walikuwa na kizuizi cha gurudumu wakikiita sufflamen: gurudumu linafungwa lisizunguke, mkokoteni unajiburuta wenyewe. Tukachukua mkanda wa mkoba, tukaupitisha kwenye spoki na fremu, tukafunga gurudumu la nyuma. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Ililiacha tairi na bapa kama sahani, lakini Klaudio angetupigia makofi.

Fundi wa Mals alitoa pedi moja, akainusa.

“Mafuta?”

“Mafuta.”

“Mengi?”

“Matone sita.”

Akamwita mwenzake aje asikie.

Alichofanya ndicho ambacho ungefanya mwenyewe kama ungebeba pedi za akiba, ambazo jozi yake ni nyepesi kuliko yai. Pedi za zamani alizitupa: ni kama sponji, zimenyonya mafuta mpaka ndani, na kuzipiga msasa ni kujidanganya. Diski alizifungua, akazifuta kwa spiriti kali na kitambaa safi, akabadilisha kitambaa, akafuta tena, mara nne, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Akazirudisha pistoni ndani kwa kipande cha plastiki, akaweka pedi mpya, asiguse uso wake kwa vidole. Tairi la nyuma nalo jipya. Nililipa kama nanunua cherehani nzima.

Halafu akanitoa nje. Pedi mpya hazishiki mpaka ziache utando mwembamba kwenye diski, na utando huo unautengeneza wewe: kimbia mpaka kilomita 25 kwa saa, funga breki kwa nguvu mpaka karibu kusimama, usilifunge gurudumu likaburuta, achia, rudia mara ishirini hadi thelathini. Uwanja wake ulikuwa mdogo. Nikaenda na kurudi, kwenda na kurudi, huku wazee watatu kwenye benchi wakinihesabia kwa sauti. Ya kumi na nane waliikataa, wakasema sikubana vya kutosha. Nikairudia.

Kutoka Mals ipo treni inayokwenda mpaka Meran, ile reli iliyofufuliwa mwaka 2005. Shemeji aliniangalia, nikaangalia pembeni. Tulishuka kwa baiskeli, kati ya mashamba ya matofaa, na jua lilipozama tukawa Meran, mita 325, breki kimya kama zimefiwa.

Chumba cha wageni tulichopata kilikuwa ghorofa ya tatu. Nikasukuma mlango, bawaba zikalia kwa sauti ileile ya mbuzi wa Landeck. Shemeji akaweka mizigo chini, akafungua mfuko wangu wa spana, akatoa kichupa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

“Hapo, shem,” akasema, “ruksa.”