Miezi 12 ya Kumshtaki Polisi ni Dhuluma

Ukimshtaki jirani aliyekupiga ili akulipe fidia, sheria ya Kenya inakupa miaka 3. Aliyekupiga au kukufungia bure akiwa polisi, unayeshtaki ni Serikali, na hapo umepewa miezi 12 tu. Kwangu hilo ni pendeleo lisilo na haya: mwenye bunduki na funguo za seli ndiye anayekingwa zaidi.

Hesabu yenyewe ina mtego. Kukamatwa kinyume cha sheria ni dai moja. Kushtakiwa kwa nia mbaya ni jingine. La pili husubiri kesi ya jinai iishe ukiwa umeshinda, na hata hivyo kuachiliwa pekee hakutoshi, lazima uonyeshe polisi hawakuwa na sababu ya maana na walikuwa na nia mbaya. La kwanza halingoji kesi. Mtu anahudhuria korti ya Makadara miaka miwili, anaachiliwa, anakimbilia wakili, kumbe dai la kukamatwa lilishakufa. Hesabu tangu siku uliyotiwa pingu, ndiyo salama. Ukichelewa, njia iliyobaki ni ombi la kikatiba katika Mahakama Kuu, Milimani, chini ya vifungu vya 22 na 23. Huko hakuna ukomo wa miezi 12, lakini jaji atataka kujua ulikuwa wapi muda wote huo.

Malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi, yapeleke, ila hayasimamishi hesabu ya miezi 12, na IPOA huchunguza maafisa, hailipi fidia.

Halafu ushahidi. Kabla hujatoka kituoni dai namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, ile inayoandikwa kama 34/12/5/2024: namba ya tukio, kisha tarehe. Saa iliyoandikwa humo mara nyingi ni ya kufikishwa kituoni, si ya kukamatwa, na katikati huenda mlizungushwa mjini na Landrova saa nne nzima. Ujumbe wa simu uliomtumia ndugu yako ukiwa bado barabarani ndio utakaoziba pengo hilo. Hifadhi pia risiti ya dhamana ya pesa taslimu. Bila risiti, hiyo haikuwa dhamana. Ukiumizwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kisha ujaziwe fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako.

Usitegemee sana hoja kwamba hukufikishwa kortini ndani ya saa 24 kama ulikamatwa Ijumaa jioni. Kifungu cha 49 cha Katiba kinaruhusu ufikishwe kortini mwisho wa siku ya kazi inayofuata, yaani Jumatatu, na maafisa wanaijua Ijumaa hiyo vizuri mno. Shambulia sababu ya kukamatwa.

Ukishinda, pesa haziji zenyewe. Mali ya Serikali haipigwi mnada. Wakili huchukua kortini cheti cha amri, hati inayoonyesha kiasi unachodai, akakipeleka kwa Mwanasheria Mkuu, na kimya kikizidi anarudi Mahakama Kuu kuomba afisa mhasibu wa wizara, yule anayewajibika kwa fedha zake, alazimishwe kulipa. Hiyo ni kesi nyingine kabisa, kwa hiyo mnapopatana ada na wakili, muulize kama bei yake inafika huko.