Tulikwenda kunywa chai Michenzani tukajikuta tunaposa

Shemegi yangu wa Tanga alikuja Unguja kutembea, siku ya kwanza tu kashamaliza kila kitu. Kapiga picha Ngome Kongwe, kaenda kulitazama Beit el Ajaib lile lililobomoka Disemba 2020, Forodhani kala pweza kwa bei ya mzungu, halafu usiku amekaa kitandani ananambia kwa huzuni kabisa, "Shem, huku Mji Mkongwe kila anayenisalimia ana kitu cha kuniuzia. Nyie wenyewe mnaishi wapi?"

Nkamwambia yakhe siye tunaishi Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, kesho Ijumaa, tukishaswali Alasiri nakupeleka kwa shangazi Michenzani tukanywe chai, utapita mitaa chungu nzima na hutouziwa hata picha moja ya tingatinga.

Kesho yake miye nimevaa kanzu na kofia, yeye kanzu mpya bado ina mikunjo ya nailoni, na juu yake koti, koti jamani, kwa joto lile! Na miwani ya jua. Darajani tukanunua haluwa kilo nzima kwenye kikapu cha ukili mana kwa shangazi hakwendwi mikono mitupu. Tukavuka barabara, nkawa namuelezea kwamba hapa zamani palikuwa na maji, pwani inajaa na kupwa, mji uko kule na siye tuko upande huu, baadae ndo pakafukiwa. Yeye haniskilizi, anatazama viatu vya mtumba. Tukapita Mlandege kote, wauza vitambaa wako bize na wateja wao, hakuna hata mmoja aliyemwita, nkamuona anaanza kuudhika. "Mbona hawaniiti?" Binadamu huyu!

Sasa Michenzani. Kwa asiyepajua, yale majumba tunayaita treni, yalianza kujengwa enzi za Mzee Karume kwa mipango ya Wajerumani wa Mashariki, jumba moja linakwenda kama mita 300 hivi, yamejipanga pande nne kutoka kwenye raundabauti. Na huyo Mjerumani aliyechora, wallahi nadhani alichora ngazi moja tu kisha akairudia mpaka wino ukamwishia. Shangazi alikuwa kahamia juzijuzi tu kutoka Jang'ombe, maelekezo aliyonipa kwenye simu ni haya: "Panda ngazi yenye muuza mbatata chini, ghorofa ya tatu, mkono wa kulia, ukipotea uliza kwa Bi Mkubwa."

Wauza mbatata walikuwepo kwenye ngazi hii, na ngazi ile, na ile ya mbele yake.

Nkamuuliza mtoto mmoja anarusha kishada, we baba, kwa Bi Mkubwa wapi? Akaniuliza Bi Mkubwa yupi. Nkamwambia yule anayengojea wageni leo. Mtoto akakitazama kikapu cha haluwa, akazitazama kanzu, akatupa kishada. "Aaa nyinyi! Wanakungojeni toka adhuhuri, twendeni!" Akatutangulia mbio ngazi zote anapiga kelele washakuja, washakuja.

Mlango ukafunguliwa kabla sijamaliza kusema hodi. Moshi wa udi mpaka machozi. Ndani wazee watatu wamekaa juu ya busati na makofia yao ya kushonwa kwa mkono, katikati sinia la sambusa, katlesi, vileja, mkate wa kumimina, juisi ya ukwaju ina barafu. Moyoni nasema lo, shangazi huyu, kwa ajili ya shemegi tu! Nkatoa shkamoo kwa kila mzee, nkauliza Bi Mkubwa yuko wapi, wakanambia yuko ndani na wanawake wenziwe. Sawa kabisa, sikuona tatizo. Haluwa ikapokelewa ikafunguliwa hapo hapo.

Mzee mwenye ndevu akamtazama shemegi kutoka miwani mpaka miguuni. "Ndo bwana mwenyewe huyu?"

"Ndo yeye, ami."

"Kaja mwenyewe?" Wakatazamana. "Haya, zamani tukituma wazee, siku hizi wanakuja wenyewe na miwani."

Wote wakacheka, na miye nkacheka, sijui nacheka nini. Shemegi yuko kwenye katlesi ya nne.

Mzee akaanza maswali. Kijana kwao wapi? Tanga. Kazi yake? Anauza spea za magari, duka lake mwenyewe, nkamsifu sana mana ni shemegi yangu na mtu humsifia mgeni wake. Anaswali? Eh ami, sasa hivi tumetoka msikitini pamoja. Havuti? Havuti. Pazia la chumbani likatikisika, kuna watu wanacheka kwa chini kwa chini, nkajua binamu zangu hao. Kisha mzee wa pembeni, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya anakula haluwa yangu, akauliza pole pole, "Na hii safari, kwake ni ya mwanzo?"

Miye nimesikia safari, nkafikiria Unguja. Nkamjibu, "Ya mwanzo kabisa, hata mkewe alitaka kuja naye akasema watoto nitawaacha na nani."

Nyuma ya pazia gilasi ikaanguka.

Mzee mwenye ndevu akaiweka sambusa yake juu ya sinia. "Mkewe?"

Shemegi, mdomo umejaa, anataka kusaidia. "Mmoja tu mzee wangu, na watoto watatu."

Likatoka bibi mmoja nyuma ya pazia, si shangazi yangu, wala hafanani na mtu yeyote wa ukoo wetu, kajifunga kanga kiunoni. "Tuliambiwa hajaoa! Tuliambiwa mwalimu wa skuli!" Na miye ndo kwanza najiuliza mwalimu gani tena, mlangoni ikapigwa hodi, wameingia wazee wanne wa kanzu, mmoja kashika bahasha na mwengine kashika kikapu cha haluwa. Kikubwa kuliko changu.

Kimya. Yule wa bahasha akatuangalia sisi, akaangalia sinia lililobaki makombo. "Kumbe mnapokea posa mbili mbili siku moja?"

Hapo kila mtu akasema na hakuna aliyesikiliza. Bibi anawaapia wazee wa bahasha kwamba hawa hatuwajui, mzee mwenye ndevu ananiuliza miye mtoto wa nani, wa bahasha anamuuliza shemegi mahari katoa kiasi gani, na shemegi, Mungu amsamehe, akajibu, "Bado hatujafika huko." Simu yangu ikalia, shangazi huyo, na sauti ya shangazi haihitaji spika: "Nyie mmekufa? Nakuoneni mlipanda ngazi ya pili, huko mmemfuata nani?"

Mzee mwenye ndevu ndo wa mwanzo kucheka, akacheka mpaka kofia ikamtoka. Wa bahasha hawakucheka hata kidogo. Tukaomba radhi kwa kila mtu mara mbili mbili, tukatafuta viatu, mana kiatu kimoja cha shemegi kilikuwa kishachanganyika na vya wageni wa haki. Nkakitazama kikapu changu. Yule mzee aliyekuwa kimya akakivuta kwake. "Haluwa ishaliwa hii mwanangu."

Kwa shangazi tukafika mikono mitupu, shemegi kashiba hawezi kugusa kitu, shangazi kanuna.

Na mji huu unavyojua kusafirisha habari, tunarudi nyumbani Magharibi mke wangu yuko mlangoni, simu sikioni, upande wa pili wifi yake Tanga. Hakuniitikia salamu. Akampa kaka yake simu, akasema, "Mkeo huyo. Anauliza harusi lini, apate kushona."