Boksi la Lita 28

Spika nilishainunua Kariakoo, inchi 12. Kilichobaki ni boksi la kuiweka kwenye buti ya IST yangu. Maboksi ya tayari yamejaa madukani, lakini mengi ni ubao mwepesi unaotetemeka kuishinda spika yenyewe. Nikaona bora nichongeshe.

Mtaani kwetu Temeke yupo fundi seremala, mzee wa Pangani. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mashua na majahazi, ndipo akaja Dar kutengeneza vitanda. Ukinunua kitanda chake, umewanunulia na wajukuu. Nikamwamkia, nikampa karatasi: MDF ya milimita 18, ndani upana sentimita 40, kimo 35, kina 20.

"Hapo napata lita 28 kamili, mzee. Na lisivuje. Hata pumzi isipite."

"Lita?" Akavua miwani, akanitazama vizuri. "Kutovuja niachie mimi, mwanangu."

Nikaanza kumweleza kwamba boksi likizibwa barabara, hewa ya ndani inafanya kazi ya springi: spika ikisukuma inarudishwa, na besi inatoka kavu, imeshiba. Mzee alishageuka kutafuta msumeno. Mtu mzima akishika msumeno humfuati na habari za springi.

Kesho yake jioni akanipigia. "Njoo uone kazi."

Nikakuta boksi limelazwa chali juu ya benchi, tundu la spika linatazama juu, maji pomoni. Pembeni ndoo, dumu na jagi.

"Ndoo ya ishirini, dumu la tano, jagi tatu za lita moja," mzee akahesabu kwa vidole. "Ishirini na nane. Yamo humo tangu asubuhi. Haya, pangusa chini, unione tone."

Nikapangusa. Tone halikuwepo, na wala lisingekuwepo, maana yote yalikuwa yananywewa. MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na maji ndiyo adui yake mkubwa. Kingo zilikuwa zimevimba kama andazi lililozidi hamira, vichwa vya skrubu vimezama hata huvioni.

"Mzee, humu inakaa spika. Ya redio ya gari."

Kimya. Vijana wake wakatazamana, mmoja akajifanya anatafuta nyundo. Mzee akawaamuru wainue boksi wamwage maji. Wakainua. Likainuka lote, isipokuwa kitako. Maji yakashuka kwenye maranda, yakapita juu ya droo iliyopakwa vanishi mchana ule, yakaishia kwenye viatu vyangu.

Mzee akaokota kipande cha MDF, akakikamua. Kikakamulika.

"Mbao gani hii, inaogopa maji?"

Hela yangu akaikataa, tena kwa hasira. Akasema atanitengenezea lingine kwa mninga, mbao ya watu. Na kweli alilitengeneza. Kila kiungo akakitia kalafati, pamba kwa patasi na nyundo, kisha akalipaka mafuta ya papa nje na ndani. Spika ilipofungwa na kuwashwa, dirisha la jirani likaitikia. Besi ile sijawahi kuisikia kwenye gari la mtu yeyote, na boksi ukilitosa Kigamboni, naamini linavuka.

Tatizo ni jua. Ukiliacha gari limeanikwa tangu asubuhi, saa nane mchana papa anaamka. Mke wangu siku hizi anapanda daladala kwa hiari yake. Nikiegesha sokoni, narudi nakuta paka wamekaa foleni nyuma ya buti.

Juzi trafiki kanisimamisha. Kainama dirishani, pua ikacheza, karudi nyuma hatua moja.

"Fungua buti."

Nikafungua. Akalizunguka boksi, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Na barafu umetia lini?"