Na huku kwenye klasta je?

Mwandishi, nimesoma habari yako kwamba walimu wa sayansi na hisabati wamekutana jijini Dodoma kwa mafunzo. Hongera kwa waandaaji. Ila mimi nafundisha kemia huku wilayani Chemba na nina neno. MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, inataka tujifunze hukohuko shuleni kupitia jumuiya za kujifunza, kisha tukutane kwenye klasta, yaani kundi la shule za jirani. Mimi nauunga mkono mpango huo kuliko haya ya ukumbini. Mwalimu akiitwa mjini anarudi na cheti na begi, shuleni kwake hakuna bureti (mrija wa maabara wa kupimia kimiminika) hata moja, na alichokiona maabara kinabaki daftarini.

Kwenye kikao chetu cha klasta mwenzetu mmoja alichemsha rosela, hii hii ya sokoni. Akadondoshea limao, ikabaki nyekundu. Akaweka maji ya magadi, ikaelekea kijani. Somo la asidi na besi likafundishika bila kusubiri kiashiria cha dukani, ile kemikali inayobadilika rangi kuonyesha asidi au besi. Wa hisabati nao (hawa kwa ubishi hawajambo!) walivutana mpaka jioni kuhusu mtoto aliyesoma hesabu kwa Kiswahili hadi darasa la saba, halafu kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza. Ukumbini mtu anasoma slaidi, ninyi mnasubiri chai.

Mwandishi, safari nyingine waulize wahusika fungu la vikao vya klasta likoje, maana nauli ya bodaboda huku tunajilipia wenyewe.