Madarasa mawili kila wadi

Karatasi tuliyogawiwa kwenye kikao cha wananchi kuhusu bajeti ya kaunti ilikuwa na vichwa vitatu: mradi, mahali utakapojengwa, makadirio ya gharama. Mama aliyeketi kando yangu, ambaye hulea watoto wa wenzake chumbani kwake, aliigeuzageuza ile karatasi kisha akaninong'oneza, "Mwanangu, uji waandikwa wapi hapa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Vikao hivi tumevizoea. Mpango wa maendeleo wa mwaka sharti ufike kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa hema hupigwa kiwanjani, viti vya plastiki hupangwa, tukaambiwa tuseme tunachotaka. Mwaka huu sehemu ya chekechea ilikuwa fupi. Afisa alisimama, akakohoa, akatangaza kwamba kila wadi itapata madarasa mawili mapya. Makofi yakapigwa. Hata mimi nilipiga, mkono ulitangulia akili.

Nimelifikiria tangazo lile wiki nzima na limezidi kuniudhi. Wadi yetu ni ya vyumba vya kupanga, ukuta kwa ukuta, na wanawake wengi hutoka alfajiri kwenda viwandani au kufua nguo za watu. Wadi ya bara, alikozaliwa marehemu nyanya yangu, ni ya mashamba na minazi. Chekechea ya huko ina watoto wasiofika ishirini na chumba kinawatosha. Ya huku kwetu mwalimu mmoja ana watoto sitini, na wale wa PP1 na PP2, yaani mwaka wa kwanza na wa pili wa chekechea, wanakaa pamoja mkeka mmoja. Kisha tunapewa mawili kwa mawili, na hiyo ndiyo inayoitwa haki.

Sababu yake kila mtu anaijua. Mwakilishi wadi akirudi nyumbani na darasa moja huku jirani yake ana mawili, atawajibu nini wapiga kura? Na asiporidhika yeye na wenzake, bajeti haipiti. Basi keki inakatwa vipande sawa, na hakuna anayeuliza nani ana njaa.

Ajabu ni kwamba sisi hawa wa Pwani ndio tuliolia mwaka 2020, Seneti ilipokwama kikao baada ya kikao hadi Septemba kuhusu fomula ya kugawa pesa za kaunti. Wengine walitaka idadi ya watu ipewe uzito zaidi. Tukasema hapana, umaskini uhesabiwe, ukubwa wa eneo uhesabiwe, anayehitaji zaidi apate zaidi. Tulikuwa sawa kabisa. Ila pesa zikishavuka mpaka wa kaunti, hoja yetu tunaiacha pale pale barabarani, tunagawana kwa wadi kama sadaka ya mlangoni.

Na kwa nini madarasa? Hapa kuna siri ya kihasibu ambayo wananchi hatuambiwi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na kanuni zake zinaweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara. Ukuta unahesabiwa kuwa maendeleo. Mwalimu anahesabiwa kuwa gharama. Afisa wa fedha anayetaka hesabu zake zikae vizuri atajenga, hata kama hana wa kumweka ndani. Ukuta pia unaweza kuzinduliwa, ukakatwa utepe, ukapakwa jina la mradi kwa rangi ya bluu. Mshahara wa mwalimu hauzinduliwi. Kule kwa nyanya nimeliona kwa macho yangu darasa jipya lenye kufuli, mbuzi wamelala kibarazani. Mwalimu wake, aliyekuwa wa kandarasi, alikaa miezi bila kulipwa, akaondoka akafungua genge la mboga. Nani wa kumlaumu?

Halafu kuna hawa ambao hawajafika hata umri wa darasa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti elimu ya chekechea, na katika kifungu hicho hicho ikataja vituo vya kulelea watoto. Kipande hicho cha pili kimesahauliwa kana kwamba kiliandikwa kwa wino wa maziwa. PP1 humpokea mtoto wa miaka minne. Wa mwaka mmoja na nusu, ambaye mamake anaanza zamu saa moja asubuhi, ni wa nani?

Ni wa yule mama wa kikaoni. Siku moja nilimpelekea mtoto wa dadangu, nikakaa kidogo. Chumba futi kumi kwa kumi, kitanda kimeinuliwa juu ya matofali ili wachanga walale chini yake penye kivuli. Nilihesabu watoto kumi na wanne. Kila mmoja alikuja na kikopo chake cha chakula chenye jina kwenye plasta, na vingine, nilivyovifungua, vilikuwa na chai ya rangi na kipande cha chapati ya jana. Mtoto mmoja alikuwa mgongoni amefungwa leso, mwingine ameshika upindo wa dera, na mama mwenyewe anakoroga uji kwa mkono wa kulia. Hulipwa shilingi hamsini kwa siku kwa mtoto, na wasiolipa hawafukuzi. "Nitamwambiaje arudi na mtoto kiwandani?" aliniuliza. Mtu huyu hajawahi kupata hata ndoo ya kunawia mikono kutoka kwa serikali. Akitembelewa na afisa ni kwa habari ya leseni.

Ningekuwa mimi mwenye kalamu, sehemu ndogo ya pesa za chekechea, tuseme robo, ingegawanywa sawa kwa wadi zote ili asiwepo wa kusema ametupwa. Zilizobaki zingefuata watoto. Na wasituambie hakuna takwimu. Sensa ya 2019 ipo. Zahanati zina daftari za chanjo. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa simu na mikoba nchi nzima, na kazi yao ni kuingia nyumba kwa nyumba. Wanajua nani ana mtoto wa miaka miwili na anamwacha wapi. Waulizwe mambo manne tu: watoto wa chini ya miaka sita ni wangapi, mama anafanya kazi wapi, mtoto anakula nini mchana, na chekechea iko umbali gani. Kwa majibu hayo wadi zetu zinapangika mstari mmoja, ya kwanza hadi ya mwisho, na orodha ibandikwe ukutani ofisini kwa chifu tuione wote.

Pengine huko bara orodha ingesema wanahitaji darasa. Sina kinyongo. Huku kwetu ingesema walimu wawili, sufuria, na mafunzo kwa akina mama walezi. Nairobi wameanza na sufuria: tangu 2023 mtoto wa shule ya umma anakula mchana kwa shilingi tano. Najua mfuko wa Nairobi si wetu. Lakini Pwani hii hii, miaka ya 1980, chekechea za madrasa zilianzia Mombasa kwa kuwafundisha wanawake wa mtaa jinsi ya kusomesha watoto wadogo, wakatengeneza vifaa vya kuchezea kwa vifuu na makopo, na mtindo ule ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Walianza na mwalimu.

Jambo la basari, ule msaada wa karo, nalo nitaligusa nikimbie, maana ndugu zangu watanirushia viatu. Mwanzoni mwa 2025 Msimamizi wa Bajeti, anayeidhinisha kutolewa kwa pesa za umma, alipozitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali kuu kabla ya kutoa basari, magavana na wawakilishi wadi walipiga kelele nchi nzima. Kijana wa sekondari ana mzazi wa kupiga foleni ofisini, na mwaka wa uchaguzi yuko karibu kupiga kura. Wa PP1 hana hata barua ya maombi.

Tulirudisha karatasi zetu saa nane. Mama alikuwa ameniomba nimwandikie yake. Chini ya "mradi" niliandika uji na mlezi wa pili. Chini ya "mahali utakapojengwa" nikaandika namba ya mlango wake. Karani alisoma, akanitazama, akaninyooshea kalamu na kusema sehemu ile ni ya kiwanja, ana kiwanja? Mama akajibu kabla yangu, "Sina kiwanja, mwanangu. Nina watoto kumi na wanne."

Karatasi ikawekwa juu ya rundo pamoja na nyingine.