Panya wa Maine na kitambi cha Kirumba

Kwa mama ntilie mmoja karibu na mwalo wa Kirumba, Mwanza, mtu na mdogo wake walikuwa wanamega ugali wa udaga kwa sato wa kuchemsha. Mkubwa, kifungo cha shati kwenye tumbo kilikuwa kimeshakata tamaa. Mdogo mwembamba, mbavu unazihesabu. "Kaka, punguza." Kaka akajibu bila kuinua kichwa: "Dogo, unene huu ni wa ukoo." Mama ntilie akadakia: "Ukoo gani, na mdogo wako huyu hapa?"

Tukacheka, ila kaka hakusema uongo. Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson, jimbo la Maine huko Marekani, walionekana panya waliokula bila kushiba hadi uzito wao ukakaribia mara tatu ya ndugu zao. Baadaye Douglas Coleman aliwaunganisha kwa upasuaji panya mnene na mzima, damu ikawa inapita kwa wote wawili. Mnene akapunguza kula, akakonda. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake waliipata jeni (maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi) iliyoharibika kwa panya wale, na homoni inayotengenezwa na jeni hiyo ikaitwa leptini: mafuta ya mwili huitoa kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Miaka mitatu baadaye waligundulika Uingereza watoto wawili wa ukoo mmoja wasio na leptini kabisa. Walipochomwa sindano zake, ile njaa ya kupindukia ikatulia. Hapo utamlaumu nani kwa ulafi?

Shida ni kwamba watu wa namna hiyo ni wachache mno. Wanene wengi leptini wanayo tele, ubongo ndio hausikii, na sindano zile hazikuwasaidia kitu cha maana. Halafu mtazame panya mwenyewe: maisha yake si kama yetu. Raha yake ni joto la nyuzi 30 hivi, lakini maabara nyingi humweka kwenye 22, kwa hiyo chakula kingi anakichoma apate joto tu. Anapewa chakula kilekile kila siku, na chipsi mayai za usiku hazijui.

Kwa binadamu, kuna toleo moja la jeni iitwayo FTO, lililotangazwa mwaka 2007, ambalo huongeza wastani wa kilo 3 kwa aliyelirithi kwa baba na mama. Kilo 3 hazing'oi kifungo. Ziko jeni nyingi ndogondogo kama hiyo, na ndugu wa tumbo moja hawagawani sawa, kwa hiyo hoja ya mama ntilie nayo haisimami. Ila babu yao aliyepiga kasia alikuwa na jeni hizohizo, na hakuwa na bodaboda ya kumpeleka dukani. Mimi naona panya ametuondolea haki ya kumcheka kaka. Kwa nini vitambi vimejaa mjini sasa, hilo hawezi kutujibu.

Nilimsimulia mama ntilie habari hizi zote. Akauliza hao panya wanalishwa na nani. Nikasema wananunuliwa chakula maalumu.

"Wa kwangu wanakula udaga bure," akasema, akafunika sufuria.