Ilikufa Simu, Siyo Paka

Haya, najua mmeshasikia. Yule dada wa Kilifi ninayesoma naye Kihispania hapa Granada, Hispania, ameshawasambazia sauti ya dakika 4, eti nimemuua paka wa mwenye nyumba. Sikuua paka mimi. Nilitumia sarufi.

Wiki hiyo darasani tulikuwa kwenye "pluscuamperfecto", lile jambo lililokuwa limeshatokea kabla ya jingine. Sisi "alikuwa amekula", wao "había comido". Nikaona huu mteremko. Kumbe "había" ni yangu, ni yake, ni ya paka, ni ya kabati. Usipomtaja mtenda, kila msikilizaji anajichagulia wake.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameenda Sevilla kwa dada yake, kaniachia Canelo, paka mzee anayelala kwenye mto wangu kama ndiye analipa kodi. Akapiga mara 3, simu yangu imeisha chaji. Jioni nikampigia. Akamwaga maneno: mbona hupokei, kuna nini, Canelo anaendeleaje? Mimi nilidaka lile la kwanza tu. Jibu lake nilikuwa nimelifanyia mazoezi bafuni.

"Cuando usted llamó, ya había muerto."

Ulipopiga, ilikuwa imeshakufa. Hiyo "i" mnayoiona hapo ni mali ya Kiswahili, jamani. Kihispania hakina.

Kimya. Kwa mbali nasikia televisheni ya huko Sevilla. Nikadhani mama anashangaa nilivyopatia, maana hata "muerto" nimeikumbuka, wiki iliyopita nilisema "morido" darasa zima likalala chini. Akauliza, sauti kama uzi: "¿Qué?" Nikajua hajasikia. Nikarudia kwa nguvu, silabi moja moja, kidole kinapiga meza: ha-bí-a muer-to.

Akaanza kulia.

Nikawaza, Wahispania wana roho nzuri kweli, mtu analilia simu yangu iliyopasuka kioo! Nikambembeleza. "Era muy viejo, señora." Alikuwa mzee sana, mama. Kwikwi zikazidi. Nikaona niongeze la kumtuliza: "Mañana compro otro. Más barato." Kesho nanunua mwingine. Wa bei rahisi.

Ninyi mnaocheka, nawaona.

Mlio alioutoa sitauelezea. Simu ikakatika. Muda huo marehemu yuko juu ya meza, analamba sahani yangu.

Dakika 10 hazijaisha, jirani huyo mlangoni, macho mekundu, mkononi boksi la viatu. Canelo akatoka kumnusa miguu. Jirani akapiga yowe, picha zikarushwa Sevilla, nikaomba radhi kwa wakati uliopo tu, ule wa watoto.

Mama karudi Jumapili. Kambeba paka, kamkagua masikio mpaka mkia, ndipo akanisalimia. Kaniletea na chaja mpya.

Canelo ameshautafuna waya wake.